Breki za Nyuma za Shangazi

Jumamosi, 2 Machi

Plasta ya mke wangu imetoka! Wiki sita kamili. Daktari kaikata kwa kile kisumeno chake cha kelele, na ndani ukatoka mkono mwembamba, umepauka, lakini mzima. Mwenyewe kaugeuza huku na huku, akakunja vidole, akasema umekuwa mkono wa mgeni. Nikamshukuru daktari. Nikamshukuru nesi. Mlangoni nikamshukuru na mlinzi, ambaye hakuhusika hata kidogo. Sista akacheka. Husema mimi ningemshukuru hata mwizi, mradi afunge mlango akitoka.

Sista ndilo jina la mke wangu mtaani, na hata humu ndani. Alikuwa nesi wa wodi ya watoto mpaka kastaafu. Yeye huniita Mwalimu. Miaka thelathini na moja nimefundisha watu kuendesha gari.

Tulikwenda kwa teksi na kurudi kwa teksi. Gari letu liko uani, limefunikwa turubai. Hataki hata kulisogelea. "Wewe nakuamini, Mwalimu," kaniambia njiani, dereva wa teksi anasikia. "Gari ndilo siliamini."

Neno hilo linanizunguka tangu saa tano.

Daftari hili ni la zamani la kazini. Lina safu ya "Mwanafunzi" na safu ya "Makosa". Nililitoa kabatini niandike orodha ya vipuri, safu ya makosa ikawa inanitazama. Basi niijaze, maana humu hasomi mtu.

Tarehe 20 Januari tulikuwa tunateremka ule mteremko wa hospitali. Pedali ya breki ikaenda chini kama nimekanyaga godoro. Nikashusha gia, nikavuta breki ya mkono, nikalielekeza gari kwenye rundo la mchanga la mjenzi mmoja. Likazama mpaka kwenye taa. Sista alitanguliza mkono kwenye dashibodi, ukavunjika. Ingekuwa ukuta, leo ningekuwa naandika nini? Wiki iliyofuata nilimtafuta mjenzi, nikamshukuru kwa kuchelewa kujenga.

Sista anasimulia kila mahali: breki zilikatika ghafla, lakini Mwalimu hakupaparika! Watu wananipa mikono. Wengine wananiombea maisha marefu.

Hazikukatika ghafla. Pedali ilianza kulegea wiki mbili kabla. Mafuta ya breki yalikuwa yanapungua, na kila asubuhi, kabla Sista hajaamka, nilifungua boneti nikaongeza kidogo. Siku kumi na nne! Nilikuwa nangoja nipate nafasi ya kufungua magurudumu. Mimi, niliyewakaririsha wanafunzi wote kwamba gari lenye breki ya mashaka halivuki geti.

Hajui. Hakuna anayejua. Kosa ni hilo.


Jumapili, 3 Machi

Shemeji kaja na vitu viwili anavyotembea navyo siku zote: njaa na utani. Ni mdogo wake Sista, fundi wa kukereza vyuma, ana karakana yake. Hajakaa, kashauliza kama dada yake bado hajapata mume mwenye gari zima. Nikamjibu kwamba mke nilipewa bila risiti na gari vilevile, kwa hiyo hakirudishwi kitu.

Tukatoka uani kumwona Shangazi. Shangazi ndilo gari. Lilikuwa la dada yake baba, mwalimu mkuu, mwanamke wa kuogopwa. Alilinunua jipya mwaka nilioanza darasa la kwanza. Pua ndefu, taa za mviringo, kiti cha mbele kimoja kirefu kama benchi. Breki za mbele ni za diski. Za nyuma ni za dramu, yaani kila kitu kimefungiwa ndani ya bakuli la chuma. Vikichakaa huoni. Vikivuja huoni. Unajua siku ya kujua.

Nikamweleza Shemeji: nataka diski na nyuma. Akazunguka gari, akasema namvika bibi kizee raba za kukimbilia. Halafu akanyamaza, akajilaza chini na nguo zake nzuri. Katoka na kutu kwenye nywele. Inawezekana, kasema. Tutafute diski na kalipa, yale makucha yanayozibana, za gari la miaka ya karibuni kidogo, yeye atachonga mabano ya kuzishikilia kwenye ekseli.

Nikamuuliza nitamlipa nini. Akakunja uso. "Shemeji, ulinirudishia dada yangu akiwa hai. Nikudai nini mimi?"

Nilitazama viatu vyangu.

Sista alikuwa dirishani. Akauliza jambo moja tu: hizo diski mtu anaziona kwa macho? Nikamwambia ukichungulia kwenye rimu unaziona zote. Pedi ikiisha unaona. Ikivuja unaona.

"Basi wekeni," kasema. "Siku nitakayoziona kwa macho yangu, nitapanda. Kidonda kilichofunikwa ndicho kinachooza."

Akafunga pazia. Namshukuru kwa ahadi. Hilo la kidonda angeweza kuliacha.


Jumanne, 5 Machi

Uwanja wa magari mabovu. Muuza vipuri wanamwita Profesa kwa sababu ya miwani, ingawa kioo kimoja hakipo. Nikataja ninachotaka. Akauliza upana wa rimu, idadi ya bolti, umbali kati ya bolti na bolti. Nilikuwa nimepima kila kitu! Akafurahi kama mwalimu aliyepata mwanafunzi. Tukachimba saa mbili kwenye rundo la ekseli. Tukapata jozi ya diski, kalipa mbili nzuri kabisa zenye mkono wa kuvutia breki ya mkono, na kebo yake. Nikamshukuru mpaka akaanza kushuku kwamba kaniuzia kitu asichojua thamani yake.

Sista anafanya mazoezi. Anaminya soksi iliyokunjwa, mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni. Leo alishindwa kufungua mtungi wa sukari. Nikaufungua. "Asante, Mwalimu. Bila wewe ningekuwa wapi?"

Kila akinishukuru naona kama nimepokea mshahara wa mtu mwingine.


Alhamisi, 7 Machi

Tumeinua nyuma kwa jeki, tukaweka stendi za kulishikilia. Dramu ya kwanza iligoma, Shemeji akaipiga nyundo huku anamwomba Shangazi radhi. Ya pili ikatoka kirahisi. Kirahisi mno. Ndani ilikuwa imelowa.

Shemeji akakitoa kile kisilinda kidogo cha gurudumu kinachosukuma breki, akakipangusa kwa kidole. Kilikuwa na utando mweusi, tabaka juu ya tabaka, vumbi limeshikana na mafuta. Akauchuna kwa ukucha. "Hiki hakikuvuja siku moja, shemeji."

Nikasema kumbe.

"Hiki kimelia muda mrefu."

Nikaanza kutafuta spana namba kumi na saba. Nilikuwa nimeishika mkononi. Yeye akaitazama spana, akanitazama mimi, akakifunga kisilinda kwenye kitambaa na kukitia mfukoni. Hakusema kitu tena mpaka anaondoka. Shemeji akinyamaza, hapo ujue kuna neno.


Ijumaa, 8 Machi

Mvua kutwa. Hakuna kazi. Namshukuru Mungu kwa mvua. Sikuonana na Shemeji.


Jumamosi, 9 Machi

Siku njema! Mabano yamekuja. Sahani mbili nene za chuma, matundu yamechongwa kwa ustadi, kingo zimelainishwa hadi unaweza kumpa mtoto achezee. Bano la kwanza lilikuwa nje kwa upana wa ukucha. Shemeji akarudi nalo karakanani, baada ya saa moja kalileta, likakaa sawa. Nilimshika mabega nikamwambia ana mikono ya baraka. Akasema nimwachie, nguo zake ni safi. Hazikuwa safi.

Utani umerudi, basi nami nikapumua.

Yeye aliziandaa kalipa mezani, mbele ya gari, akaziandika kwa chaki: KULIA, KUSHOTO. Mimi nikafunga, nikiwa chini ya gari, yeye akinipa vifaa. Diski zimekaa. Kalipa zimekaa. Mabomba mapya ya mafuta yamepita vizuri. Kebo ya breki ya mkono ndiyo ilileta ukaidi. Ilikuwa inajipinda kama haitaki upande ule. Tukailazimisha. Shemeji kasema kitu cha zamani na kipya vikikutana lazima vibishane kidogo, hata kwenye ndoa ni hivyo.

Nimetoka nje mara tatu kuchungulia diski kwenye rimu. Zinang'aa! Shangazi nyuma amekuwa msichana.


Jumatatu, 11 Machi

Kutoa upepo kwenye breki. Kazi ya watu wawili: mmoja ndani anakanyaga, mwingine chini anafungua kibolti cha kwenye kalipa, upepo utoke pamoja na mafuta, anafunga. Kanyaga! Shika! Achia! Saa nne mpaka saa tisa.

Pedali bado godoro.

Chupa nzima ya mafuta imekwisha. Shemeji anasema ni masta silinda, ile pampu ya kwenye pedali, imezeeka. Mimi nasema ni maungio ya mabomba yake. Kasema mabomba yake hayajawahi kuvuja tangu azaliwe. Nikamwambia hakuzaliwa na mabomba.


Jumanne, 12 Machi

Chupa ya pili. Godoro.

Tumegombana kweli. Yeye anataka kushusha masta silinda, mimi nataka kufungua mabomba. Kila mmoja kashika spana yake na upande wake. Sista kapaza sauti kutoka jikoni kwamba manahodha wawili chombo huenda mrama. Tukamjibu kwa pamoja kuwa hapa hakuna nahodha, kuna mafundi. "Ndiyo maana hakiendi," kasema.

Ile pedali inanikumbusha. Kila ninapoikanyaga na ikazama, nauona ule mteremko. Leo nilishuka nikasingizia jasho.


Jumatano, 13 Machi

Niiandike leo polepole, nisiipoteze.

Saa nne Sista katoka na vikombe vya chai. Mkono wa kushoto vikombe viwili, ule mpya kimoja! Sikusema kitu, nisije nikamtisha akakimwaga. Akageuza ndoo, akakaa, kama hatua tatu kutoka kwa Shangazi. Hajawahi kufika karibu hivyo tangu siku ile.

Shemeji alikuwa ndani anakanyaga, mimi chini nafungua. Sista akatazama. Akanywa. Akatazama tena. Akauliza kwa upole, ile sauti ya kuulizia mtoto wa watu kameza nini: mnatafuta kutoa nini humo?

Upepo, nikasema. Hewa.

"Na hilo tundu mbona liko chini?"

Nikaendelea kufungua kibolti.

"Miaka thelathini na miwili natoa hewa kwenye mipira ya dripu," kasema. "Hewa hupanda juu, baba. Haijawahi kunishukia hata siku moja. Ninyi mnatoa mafuta tu, hewa imekaa juu inawacheka."

Nilitazama kalipa. Kibolti kimeelekea ardhini. Nikakimbilia upande wa pili. Kimeelekea ardhini! Shemeji akashuka, akapiga magoti, akatazama, akajipiga paji la uso.

Ndipo tukaulizana, kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze, kulia ni wapi. Shemeji alipoandika alikuwa amesimama mbele ya gari, analitazama usoni, kama anavyotazama kila chuma mezani kwake. Kulia kwake ni ule upande wa mkono wake wa kulia. Mimi kulia ni kulia kwa dereva. Miaka thelathini na moja nimepiga kelele hiyo! Kalipa ya huku imekwenda huko, ya huko imekuja huku, na mabano yake jinsi alivyoyachonga sawasawa, yalikubali kila upande bila kinyongo. Kebo tu ndiyo iliyojaribu kutuambia.

Sista alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Alijishika mbavu kwa mikono yote miwili. Akasema watu wawili wenye jumla ya miaka mia na ishirini hawajui mkono wa kulia. Shemeji akasema basi dada aje karakanani, kuna kazi. Nilicheka hata machozi. Muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo uani kwetu.

Tumebadilisha kalipa. Kebo ikakaa yenyewe, tulivu kama mtoto aliyeshiba. Kesho tutatoa upepo.

Asante. Sijui naandikia nani. Asante tu.


Alhamisi, 14 Machi

Shemeji ana kazi za watu. Nikawa peke yangu, umepungua mguu wa kukanyaga. Nikamwambia Sista nitangoja kesho.

Akavua kandambili. "Nikanyage wapi?"

Akafungua mlango wa dereva, akakaa pembeni kabisa ya kiti, mguu mmoja ndani, mwingine bado ardhini. Mlango wazi kabisa. Mimi nikajilaza chini nyuma. Simwoni, namsikia.

Kanyaga. "Nimekanyaga." Shika. "Nimeshika." Nikafungua, mapovu yakatoka kwenye mpira mwembamba, prr, prr, kama maji yanayochemka. Achia. "Nimeachia." Mara ya sita akaniambia pedali inapanda. Mara ya tisa akasema inamsukuma. Upande wa pili vilevile. Mwisho kasema: "Mwalimu, imekuwa jiwe."

Nilibaki nimelala pale chini, mgongo kwenye vumbi, nikalitazama tumbo la Shangazi nikamshukuru Mungu, Profesa, Shemeji, mvumbuzi wa diski, kila mtu. Nilipotoka nikakuta miguu yote miwili iko ndani.

Alikuwa anakanyaga na kuachia, kanyaga, achia, kama anayepima kitu. Akaniuliza bila kunitazama:

"Na kabla ya siku ile, ilikuwa hivi? Ngumu hivi?"

Ningeweza kusema. Mahali palikuwa pake. Tulikuwa wawili tu, yeye kakaa kwenye gari, hana hofu.

"Ilikuwa hivi," nikasema.

"Ndiyo nashangaa. Kitu kigumu hivi kikatike ghafla."

Kisha kashuka, kavaa kandambili, kaenda kuosha mikono.

Kwanza nilinyamaza, sasa nimedanganya. Siyo kosa moja tena.


Jumamosi, 16 Machi

Majaribio, mimi na Shemeji. Mtaa wa nyuma, asubuhi, hakuna magari. Mwendo mdogo kwanza. Breki — likasimama! Halikuvuta kulia wala kushoto (iwe kwangu au kwake). Mwendo mkubwa zaidi — nyuma ikajifunga, matairi yakalia, makalio ya Shangazi yakataka kutupita. Ni ile valvu ya kupunguza nguvu ya breki za nyuma. Tukaikaza kidogo, tukajaribu. Kidogo tena. Mara ya tano likasimama kama limeshikwa na mtu mwenye adabu. Tulipiga kelele kama watoto. Mama mmoja alifungua dirisha kuangalia nani kafa.

Halafu Shemeji akaniambia nizime injini.

Kile kisilinda hakukitupa, kasema. Kiko karakanani, juu ya rafu. Yeye hatakwenda kumwambia dada yake. Siyo kazi yake kuingia kati ya mtu na mkewe. "Lakini akiniuliza, shemeji, sitamdanganya. Dada yangu sijawahi kumdanganya, labda kuhusu umri wa gari nililomuuzia mume wa jirani yake."

Sikucheka. Nikamwambia yote. Siku kumi na nne, chupa, boneti, asubuhi.

Akafuta vumbi kwenye dashibodi, pale pale mkono wa Sista ulipogonga. Kasema alinishukuru sana mwezi wa kwanza, mbele za watu. Sasa nusu ya shukrani ile anaichukua. Nusu ananiachia, maana usukani kweli niliushika vizuri.

Nimeipokea nusu yangu. Ndiyo shukrani ya kwanza tangu Januari ambayo haikuniwasha.


Jumapili, 17 Machi

Jumanne Sista ana miadi ya mwisho hospitali, saa tatu. Kasema tutakwenda na Shangazi. Kasema hivyo kwenye simu kwa binti yetu, kwa sauti ya kunisikilizisha: diski kaziona kwa macho yake, pedali kaikanyaga kwa mguu wake, na "babako katengeneza kila kitu kwa ajili yangu." Binti kanitaka simuni. Kanishukuru na yeye.

Mchana nilikuwa navaa shati. Sista akanisogelea, akashika kifungo cha juu kwa mkono ule uliovunjika, kwa vidole vile. Kikamponyoka. Akakishika tena, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Kikaingia. Akanipiga kifuani kofi dogo. "Umeona?"

Nimeona. Mdomo ulifunguka kusema. Yakatoka: asante.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu inaishia kwenye ule mteremko. Siwezi kumteremsha pale akiwa ameniamini kwa jambo lisilokuwepo. Nitamwambia kabla. Nimeliandika, basi.


Jumanne, 19 Machi

Nimekaa kwenye jiwe, katikati ya mteremko. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa koti. Sijui kwa nini nililibeba.

Tulitoka nyumbani saa mbili na nusu. Alikaa mbele, mkoba mapajani, dirisha wazi. Alishika mpini wa mlango njia nzima lakini akawa anaongea, kuhusu mapazia. Kwenye kila kona nikabonyeza breki mapema, polepole, kama naendesha na mayai. Alisema inasimama vizuri. Alisema hivyo mara mbili.

Juu ya mteremko nikaegesha pembeni. Nikavuta breki ya mkono. Kaniuliza kuna nini. Nikamwambia.

Sikupamba. Nilimwambia pedali ilianza lini. Nilimwambia kuhusu chupa ya mafuta, ilikokaa, nyuma ya ndoo ya chokaa. Nilimwambia nilipomjibu Alhamisi nilidanganya.

"Siku ngapi?"

Kumi na nne.

"Kila asubuhi?"

Kila asubuhi. Kabla hujaamka.

"Na mimi nikipanda. Siku zote hizo, napanda."

Ndiyo, nikasema.

Heri angepiga kelele. Kashuka. Akaenda nyuma ya gari, akachuchumaa, akatazama ndani ya rimu muda mrefu, upande mmoja, kisha upande wa pili. Nilimwona kwenye kioo, kichwa tu na kitambaa. Watu walipita. Mmoja alimsalimia, naye akaitikia vizuri, na "habari za nyumbani" akaongeza. Halafu akaja mlangoni kwangu.

"Shuka."

Mkono wako, nikasema, daktari bado hajasema —

"Mkono wangu naujua mimi. Shuka, Mwalimu."

Nikashuka. Akaingia, akavuta kiti mbele, akarekebisha kioo. Mimi ndiye niliyemfundisha, miaka ile, na alifeli mtihani mara mbili kwa sababu ya kuniangalia mimi badala ya barabara. Leo hakuniangalia. Akaweka gia. Akaachia breki ya mkono.

"Wewe njoo kwa miguu."

Akateremka. Nilisimama pale nimeshika koti. Hatua thelathini, taa za nyuma zikawaka, gari likasimama tuli, kwenye mteremko mkali kabisa. Zikazimika. Likaenda. Zikawaka. Likasimama. Mara tano alifanya hivyo, bila haraka, kila mara chini zaidi, na mara zote lilisimama pale alipotaka lisimame. Hakuna niliyewahi kumfundisha aliyeshika breki vizuri vile. Nililia kidogo. Nashukuru hakuniona.

Sasa liko chini, mbele ya geti la hospitali. Naliona vizuri kutoka hapa. Miadi ni saa tatu. Saa yangu inasema saa tatu na dakika kumi na mbili. Hajaingia. Yumo ndani ya gari, naona kitambaa chake, hageuki.

Kuna wanaume wangeambiwa wabaki. Mimi nimeambiwa njoo. Ni neno dogo, nimelishika kwa mikono miwili.

Sijui nikifika nitasema nini. Sijui kama ataniuliza jingine, au hataniuliza kamwe, ambalo ni baya zaidi. Nimebakiza kama hatua mia mbili.

Ameinama upande wa pili wa kiti. Mlango wa abiria umefunguka. Uko wazi. Huenda kaufungua kwa joto tu.